Epafrodito Aliyerudi Kabla ya Wakati

Somo: Wafilipi 2:25–30, tena Matendo ya Mitume 16:9–40.



Twaomba kila msomaji afungue Biblia yake kwanza, ayasome mafungu haya mawili polepole, ndipo aendelee na maneno yetu. Maana mtu tunayetaka kumtazama ni mmoja wa wale wanaopitwa haraka katika Maandiko. Hakuandika waraka, wala hatusomi hotuba yake hata moja. Jina lake limetajwa mara mbili tu, na mara zote mbili katika waraka mmoja. Lakini kwa ajili ya watoto wetu walio ugenini, na kwa ajili yetu sisi tuliobaki nyumbani, twaona ya kuwa habari zake zatufaa kuliko habari za wengi wenye majina makubwa.

Wakristo wa Filipi hawakuwa matajiri. Paulo anapowaandikia Wakorintho (2 Wakorintho 8:1–2) awaeleza ya kuwa makanisa ya Makedonia yalitoa kwa ukarimu hali yakiwa katika umaskini mwingi. Watu hao ndio waliosikia kwamba mtume wao amefungwa, wakachanga walicho nacho, wakamchagua mtu mmoja akichukue. Tukifuata mapokeo ya Kanisa kwamba kifungo hicho kilikuwa Rumi, basi Epafrodito alishika barabara kuu ya Warumi iitwayo Egnatia, akaivuka Makedonia mpaka pwani ya magharibi, akaabiri chombo na kuvuka bahari ya Adria, akatua Italia, kisha akatembea tena siku nyingi mpaka mji mkuu. Mfungwa wa siku zile aliishi kwa mikono ya rafiki zake. Paulo alikaa miaka miwili katika nyumba aliyoipanga mwenyewe (Matendo 28:30), na kodi ya nyumba hailipwi kwa maombi tu.

Kazi ya Epafrodito ilikuwa ya namna mbili: kufikisha sadaka, na kukaa huko amtumikie mtume kwa niaba ya usharika mzima. Ile ya kwanza aliitimiza. Katika ile ya pili aliugua, akawa karibu na kufa. Mtu aliyetumwa kumuuguza mwingine akawa yeye ndiye wa kuuguzwa. Hata alipopona, Paulo aliona heri kumrudisha kwao.

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Paulo asema ya kuwa Epafrodito alikuwa na shauku ya kuwaona watu wa kwao, tena alifadhaika sana. Na sababu ya fadhaa yake ni kwamba wao walikuwa wamesikia habari ya ugonjwa wake. Neno la Kiyunani lililotumika hapo ndilo lile ambalo Mathayo na Marko walilitumia juu ya Bwana wetu katika Gethsemane, kwa hiyo tusidhani ni huzuni ndogo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umepita. Kilichomsumbua ni habari zilizofika Filipi. Asiyewahi kukaa ugenini labda atastaajabu. Aliyewahi kukaa ataelewa bila kuelezwa.

Sisi tukaao Kijenge, chini ya mlima Meru, twalijua jambo hili ijapokuwa hatulisemi. Kijana apatapo nafasi ya kwenda kusoma au kufanya kazi Marekani, au Ujerumani, au nchi za Waarabu, haendi yeye peke yake. Ukoo huketi. Mjomba huuza ng'ombe, mama hukopa katika kikundi chake cha akiba, majirani huchanga, na Jumapili ya mwisho kijana huitwa mbele ya madhabahu aombewe. Kisha watu hujaa katika magari mawili matatu mpaka Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro, wakapiga picha. Hayo yote ni mema, nasi hatuyalaumu. Lakini ni mzigo, na yule anayetwikwa huo mzigo hakuna anayempimia uzito wake.

Huko aendako hupatwa na mambo. Msaada wa karo hukatika katikati ya masomo. Mtihani humshinda. Mwajiri huishika hati yake ya kusafiria na kuuzuia mshahara wake. Kibali cha kukaa hunyimwa, au mwili huugua katika nchi ambayo kitanda cha hospitali ni cha bei kubwa kuliko nyumba ya kwao. Na wazo la kwanza linalomjia mara nyingi si juu ya chakula cha kesho. Ni kwamba nyumbani watasema nini. Basi simu iliyokuwa ikilia kila Jumapili baada ya ibada hunyamaza. Wako wanaotuma picha waliyopiga kando ya gari la mtu mwingine. Wako wanaorudi usiku, wakashukia kwa shangazi katika mji wa mbali, wasije wakaonekana na waliowasindikiza.

Dada mmoja aliyerudi hivyo alituambia neno ambalo halikututoka. Alisema kwamba katika miezi yake mibaya aliweza kuomba, ila hakuweza kushukuru. Maana aliona shukrani ni ya watu walioshinda, na yeye hana haki ya kuigusa. Sisi twadhani si yeye peke yake awazaye hivyo. Sikilizeni matangazo ya sadaka ya shukrani katika sharika zetu: fulani amehitimu, fulani amemaliza nyumba, fulani amepata gari, fulani amerudi salama na familia yake. Desturi ni njema sana, na isikome. Walakini msikilizaji aketiye nyuma, ambaye hakuhitimu wala hakujenga, hukusanya fundisho ambalo hakuna aliyelihubiri.

Na tumsikilize Dk. Martin Luther katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, mahali anapoieleza sehemu ya kwanza ya Imani, fundisho ambalo kila mmoja wetu alilikariri kabla ya kipaimara. Ahesabu pale mwili na roho, macho na masikio, akili, nguo na viatu, chakula na nyumba. Kisha asema ya kuwa vyote hivi vyatoka katika wema wa Mungu Baba pasipo sisi kustahili hata kidogo. Na baada ya neno hilo la kutostahili ndipo ataja kwamba imetupasa kumshukuru. Angalieni mpango huo. Shukrani haikuwekwa baada ya kufaulu. Imewekwa baada ya kupewa bure. Ikiwa ndivyo, aliyenyimwa shahada yake hakupoteza haki ya kushukuru, kwa kuwa haki hiyo hakuipata kwa shahada tangu mwanzo.

Lakini hapa twahitaji kutembea kwa uangalifu, maana pako penye shimo. Mtume awaagiza Wathesalonike (1 Wathesalonike 5:18) washukuru nyakati zote, na watu wengine husikia kana kwamba yawapasa kuliita ovu kuwa jema. Katika Kiyunani neno aliloliandika maana yake ni “katika”: katika mambo yote, hali umo ndani yake. Yeye amwambiaye msichana aliyedhulumiwa mshahara kwamba amshukuru Mungu kwa ajili ya dhuluma ile, huyo amtwika Mungu dhambi ya mtu. Hatusemi hivyo, wala Maandiko hayasemi hivyo.

Somo letu la pili lathibitisha. Paulo na Sila walikuwa wageni katika Filipi. Walikwenda huko kwa sababu ya maono ya usiku, mtu wa Makedonia akiwasihi wavuke wakawasaidie. Ikiwa safari yo yote duniani iliwahi kuwa na wito wa Mungu, ni hiyo. Hata hivyo haukupita muda mrefu wakavuliwa nguo sokoni, wakapigwa kwa bakora pasipo hukumu, wakafungwa miguu katika mkatale. Usiku wa manane wakaomba na kuimba. Wahubiri wetu hupenda kuishia kwenye tetemeko la nchi na mlinzi wa gereza aliyebatizwa na nyumba yake. Twaomba wasome mpaka mstari wa 37. Kulipopambazuka wakuu wa mji walituma watu kusema wafungwa wafunguliwe, yaani waondoke kimya kimya. Paulo akakataa. Alisema walipigwa mbele ya watu bila kuhukumiwa, nao ni raia wa Rumi. Basi waje wakuu wenyewe wawatoe. Wakaja, tena kwa hofu. Kinywa kile kile kilichoimba usiku kilidai haki asubuhi, wala Luka haoni hitilafu yo yote kati ya mambo hayo mawili. Na usharika ulioanza siku hizo katika mji ule ndio uliokuja kumtuma Epafrodito.

Hatuna haja ya kwenda mpaka Makedonia ili kuona mtu aliyetumwa na maskini, akaanguka ugenini. Yuko mmoja wa upande wa pili wa mlima wetu, na wazee wa Meru wamjua kwa jina.

Baada ya Vita Kuu ya pili, serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilimweka Jaji Mark Wilson kuchunguza mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Kufuata mashauri yake ya mwaka 1947 ikakatwa shauri kwamba Wameru waondolewe Ngare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima, ili pawe mashamba ya ng'ombe ya walowezi wa Kizungu. Humo mlikuwamo shamba nambari 31 na shamba nambari 328, ambayo Wameru walikuwa wameyanunua kwa fedha zao wenyewe. Tarehe 17 Novemba 1951 kazi ya kuwaondoa ikaanza. Watu wapata 3,000 walihamishwa, nyumba zikachomwa moto, na mifugo mingi ikafa. Mahali walipoonyeshwa kwenda ni Kingori, chini kwenye joto.

Basi Wameru wakachanga. Wakamtuma Kirilo Japhet, kijana wao, aende New York mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi iliyo chini ya udhamini wa Umoja huo. Pamoja naye alikuwa wakili Earle Seaton, mtu wa kisiwa cha Bermuda aliyefanya kazi yake Moshi. Mwaka 1952 Kirilo alisema mbele ya Baraza la Udhamini, na baadaye mwaka ule ule mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Kamati ikakubali azimio kwamba watu warudishiwe ardhi yao. Lakini azimio lilipofika mbele ya Baraza Kuu lenyewe, mwezi wa Desemba, halikupata thuluthi mbili za kura zilizotakiwa. Likaanguka. Mjumbe aliyekwenda kwa shilingi za watu waliochomewa nyumba akawa hana ardhi ya kuwapelekea.

Twajua yaliyofuata. Hakupotelea New York. Alirudi, akaeleza kesi ile hata kwa watu wa majimbo mengine ambao hawajapata kuuona mlima Meru, nao wakatambua ya kuwa jambo la Ngare Nanyuki ni jambo lao pia. TANU ilizaliwa mwaka 1954, na uhuru ukaja mwaka 1961. Mpango wa mashamba ya walowezi haukufanikiwa, Wameru wakarudi Ngare Nanyuki, na mwaka 1967 Kirilo na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi yao. Mwenye kupita leo njia ile ya kwenda Momela huona mashamba ya nyanya na vitunguu mahali palipochomwa nyumba.

Lakini tusikimbilie mwisho huo mwema. Ni rahisi kwa mhubiri kusimama katika mwaka 1961 na kumwambia mtu wa mwaka 1952 ashukuru. Desemba ile hakuna aliyejua yajayo. Hatumtilii Kirilo maneno kinywani. Twajiuliza sisi wenyewe, Mkristo aliyeshindwa namna ile, katika baridi ya mji mgeni, angeona nini cha kumshukuru Mungu usiku ule ule, kabla ya habari njema yo yote? Twajibu: angeona kwamba kilio cha watu wa mlimani kilisikiwa na wajumbe wa mataifa. Kwamba katika Kamati wengi waliinua mikono kwa ajili ya watu wasiowajua. Kwamba mtu wa kisiwa cha mbali alisimama upande wao kama ndugu wa ukoo. Kwamba wajane na wakulima walimwamini kwa shilingi yao ya mwisho. Hayo yote yalikuwa kweli tangu kabla ya kura kuhesabiwa, na kura haikuyafuta. Na pamoja na kuyashukuru hayo, dai la ardhi lilibaki palepale, wala Wameru hawakuliacha.

Shukrani ya namna hii ina macho. Haisemi tu ya kwamba Mungu ni mwema, ikanyamaza; yataja mikono ambayo Mungu aliitumia. Mama mwenye nyumba aliyengoja kodi mwezi wa pili. Muuguzi aliyejifunza kulitamka jina gumu la mgonjwa wake. Mwanafunzi wa nchi nyingine aliyegawana naye mkate. Watu watano sita waliokutana Jumapili katika chumba cha kupanga, wakaimba nyimbo za Kiswahili bila kinanda.

Sasa turudi kwa Epafrodito, tuone Paulo alivyomrudisha. Angeweza kuandika ya kuwa mtu wenu ameshindwa, mleteni mwenye afya. Badala yake ampa sifa tano mfululizo: kwamba ni ndugu, ni mwenzi wa kazi, ni askari mwenzake, ni mjumbe wa usharika wao, na ni mtumishi wa haja zake. Neno hilo la mwisho, katika Kiyunani, ndilo shina la neno letu Liturgia. Yaani kuchukua fedha za kodi, na kulala hoi kwa homa katika mji wa kigeni, Paulo akuita kwa jina la huduma ya madhabahu. (Na jina la Epafrodito lenyewe latokana na mungu mke wa Wayunani. Paulo hakulibadilisha. Twalisema hili kwa ajili ya wazee wanaogombana juu ya majina ya ubatizo.)

Tena ashukuru kwa jambo moja lililo wazi: Mungu alimrehemu mtu huyu asife, na katika kumrehemu yeye alimrehemu Paulo pia, asiwe na huzuni juu ya huzuni. Hatafuti maelezo ya kwa nini ugonjwa ulikuja. Kisha atoa agizo kwa usharika: wampokee katika Bwana kwa furaha yote, na watu walio kama yeye wawaheshimu. Kwa agizo hilo aliufunga mlango wa maneno kabla maneno hayajaanza. Mtu ye yote wa Filipi aliyetaka kuuliza mbona amerudi mapema, au fedha zetu zimeleta faida gani, amekwisha kujibiwa. Na walimu wengi wa Biblia waona ya kuwa aliyeuchukua waraka huu mpaka Filipi ni yeye Epafrodito mwenyewe. Ikiwa ni hivyo, mtu aliyerudi akiona haya alikuwa na Waraka kwa Wafilipi mfukoni mwake.

Ninyi mlio mbali, ambao gazeti hili huwafikia kwa mkono wa ndugu, twawaomba neno moja. Andikeni nyumbani ukweli. Anzeni na zile shukrani zenye majina, kisha anguko lenyewe, kwa maneno machache na bila kulipamba. Kama mwashindwa kuanza, someni Zaburi ya 13, ambayo ni mistari michache tu, muone jinsi Daudi alivyolia na kuimba katika sala moja. Na kama mna dai la haki, mshahara uliozuiwa au hati iliyoshikwa, msilizike katika ibada. Paulo hakulizika.

Nasi tuliobaki nyumbani tuna kazi iliyo kubwa zaidi. Mtoto akirudi mikono mitupu, wazee wa kanisa wamwendee katika juma la kwanza, wala wasianze na habari ya cheti. Jumapili aombewe mbele ya madhabahu ile ile alipoombewa alipokuwa akiondoka, na sadaka yake ya shukrani ipokewe ijapokuwa ni ndogo, na mtangazaji asitafute ushindi wa kuitajia. Mjomba aliyeuza ng'ombe ana haki ya kuumia. Aseme na mtoto faraghani, baada ya kula pamoja. Deni la kikundi cha akiba lizungumzwe kwa hesabu, si kwa masimango. Tena wako katika sharika zetu wanaojua kuandika barua za kisheria. Wamsaidie aliyedhulumiwa kuandika kwa ubalozi au kwa ofisi ya kazi, maana kuimba tu pamoja naye hakutoshi.

Jumuiya zitakazotumia somo hili mwezi huu, twashauri zisilikate vipande. Waraka kwa Wafilipi una sura nne, nao wasomeka wote kwa sauti kwa muda wa robo saa hivi. Achaguliwe msomaji mmoja mwenye sauti nzuri, na wengine wafunge Biblia zao, wasikilize kama walivyosikiliza watu wa Filipi jioni ile ulipofika, Epafrodito akiwa ameketi katikati yao.